Wimbo wa Sadaka Uliotoka Guangzhou

Mama yangu hakuwa mtu wa kutaka mambo mengi, mais kile alichokitaka alikitaka vibaya mno. Tangu mdogo wangu wa kiume aingie seminari, mama alikuwa anangoja siku moja tu, ile ya misa ya kwanza, apite katikati ya kanisa na kikapu cha sadaka mikononi, akiimba, mpaka kwa mwanawe aliyesimama altareni na nguo mpya. Parokia yetu ya Butembo inafanya hivyo. Padri mpya hapokei sadaka ya mtu yeyote kabla ya ile ya mama yake, na mama haendi kimya. Mama akiwa marehemu, shangazi anaimba. Akikosekana shangazi mwenye sauti, watu wanalizungumza jambo hilo mwaka mzima, na hawalizungumzi kwa upole.

Sauti mama alikuwa nayo. Alikuwa nayo nyingi mno, mpaka jirani zetu Waprotestanti, ambao wenyewe si watu wa kunong'ona, walikuwa wakifunga madirisha akianza mazoezi. Alikuwa sauti ya kwanza ya korali kabla mimi sijazaliwa, na aliwaangalia waimbaji wengine kama vile mtu wa Lubero anavyoangalia viazi vilivyolimwa mahali pengine. Metre wa korali, yule anayewafundisha waimbaji na kupiga kinanda cha umeme, alimwogopa. Nadhani hata paroko alimwogopa kidogo.

Aibu ya nyumba ilikuwa mimi. Nina kibanda karibu na soko, watu wananiletea simu zao nami ninawatilia nyimbo katika kadi. Jumamosi ninaimba kwenye arusi na orkestra ndogo ambayo haijawahi kutunga kitu. Tunaimba za Kinshasa, za Kampala, za kanisani ikibidi, chochote bibi arusi anachokipenda. Wasomi wanaita kazi hiyo interprétation. Mama aliiita kukopia.

"Kuimba wimbo wa mutu ni kuvaa jupon ya mutu, nguo yake ya ndani," alikuwa akiniambia mbele ya wageni. "Hata kama imefuliwa."

Nilikuwa ninamjibu kwamba kwetu hata majina ni kopi. Sisi Wanande tunapewa jina kwa kufuata nani alizaliwa wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Ukiliita langu sokoni wanageuka wanawake wa kutosha korali nzima, na hakuna hata mmoja anayesema nimemwibia. Mama alisema jina ni jambo jingine. Hakusema ni jambo jingine kwa namna gani.

Basi, akaja Mchina.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ni mfanyabiashara wa Butembo, na mfanyabiashara wa Butembo asiyefika Guangzhou ni kama padri asiyefika Roma: yuko, mais hana la kusimulia. Safari moja alirudi na makontena ya simu, zile nene zenye spika kubwa mgongoni, ambazo mtu anaweza kuzisikia akiwa upande wa pili wa kilima. Ndani ya kila simu, kabla mteja hajaweka wimbo wake hata mmoja, alikuwa tayari amekaa mwanamke mmoja anaimba Kichina. Mjomba hakujua jina lake na hakuwahi kuliuliza. Kwake alikuwa sehemu ya simu, sawa na betri.

Kwa muda mrefu huyo mwanamke alitawala nchi yetu kuliko serikali. Alilia katika mifuko ya watu kule Vuhovi, katikati ya maharage. Pale Bungulu, kwenye saluni ya binamu yangu huko Beni, aliimba kutoka asubuhi mpaka wateja wakaanza kusukwa kwa mwendo wake. Kwangu kibandani watu walikuja na uso wa mtu aliyeumwa jino, wakiniita yaya, yaani dada. "Yaya, nitolee huyu Muchina mu simu." Nikawatolea. Baada ya siku chache wengine walirudi wakiangalia pembeni. "Unaweza kumurudisha? Mutoto hapana lala bila yeye."

Mimi nilimpenda mara moja na sikuona haya. Waimbaji wetu wakifika mahali pa uchungu wanapandisha sauti, kwa sababu uchungu usiosikika mpaka barabarani kwetu haujakamilika. Yeye alishuka. Alifika mahali ambapo ningepiga kelele, akaongea tu, karibu na sikio, na moyo wangu ulikuwa unavunjika hata kama sikujua neno moja. Nilianza kujaribu hiyo kwenye arusi. Watu waliuliza kama ninaumwa.

Kwaresima moja mama alirudi kutoka rozari uso unang'aa. Wimbo umemjia, alisema. Umemjia mzima, njiani, kwa mara moja. Maneno yalikuwa ya Kinande, ya kumshukuru Nyamuhanga, yule Muumba wetu, kwa maharage na kwa watoto, na sauti ilipanda vizuri mpaka mtu angependa kutoa sadaka hata kama amekuja na kifungo cha shati tu. Metre aliuchukua. Pasaka ilipofika parokia nzima ilikuwa inauimba, wanaume wanavuta chini, wanawake wanapanda juu, kuku wanapita mbele wamefungwa miguu.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na tulipofika mstari wa pili nilijua ile sauti nimeisikia wapi.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage. Niliweka simu juu ya meza, nikabonyeza, nikamwacha Mchina aimbe mpaka mwisho. Mama alisikiliza mikono imekaa ndani ya maharage. Nilingoja aone haya. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka, nisidanganye.

"Huyu mwanamuke," akasema mwisho, "aliniibia wimbo wangu wapi?"

Tulimwita mjomba, kwa sababu katika ukoo wetu kila jambo la Kichina ni la mjomba, kuanzia pikipiki mpaka dawa ya tumbo. Alikuja na koti lake la safari, akakaa, akaomba chai, akatoa hukumu.

"Yaya, weye hukuibiwa. Na yeye hakutunga. Hii wimbo haiko yake."

"Iko ya nani?"

Alisema siku moja, kule Guangzhou, alikuwa anapiga mluzi wimbo huo dukani wakati anachagua spika, na mkalimani wake akaanza kumcheka. Akamweleza kwamba ni wimbo wa zamani. Aliuimba kwanza mwanamke mwingine, mwenye sauti kubwa ya kujaza uwanja, tena wazee wa kule wanamlilia mpaka leo. Huyu wa kwenye simu alikuja nyuma. Alichukua nyimbo za watu, moja baada ya nyingine, za wanaume, za wanawake, za marehemu, akaziimba polepole kwa sauti yake ya chini. Sasa vijana wanafikiri ni zake. Waimbaji wadogo wanamwiga yeye, hawamwigi yule wa kwanza.

"Donc na yeye ni mukopiaji," mama akasema.

"Mukopiaji mukubwa kabisa. Njo kazi yake. Batu banamulipia ju ya ile."

Mimi nilijaribu kutocheka nikashindwa. Nikamuuliza mjomba maneno ya wimbo yanasema nini. Akakuna kichwa. Alisema, kama mkalimani hakumdanganya, mwanamke anamwambia mwanaume mmoja kwamba akienda zake, afunge mlango polepole, asiamshe jirani. Na mwanaume huyo, kwa namna mkalimani alivyotabasamu, hakuwa mume wake.

Kumbe tangu Pasaka tulikuwa tunamwimbia Nyamuhanga wimbo huo, na kuku mikononi.

Mama alikwenda kwa paroko siku hiyo hiyo. Alirudi ametulia. Paroko alimwambia Kanisa halijawahi kumwuliza wimbo ulizaliwa wapi, linauliza unakwenda wapi, na kwamba akianza kufukuza nyimbo za mashaka, Noeli tutakaa kimya. Tangu siku hiyo mama aliendelea kusema "wimbo wangu" bila hata kupepesa macho. Mimi niliendelea kuitwa mkopiaji. Haki iko mbinguni, hapa Butembo iko biashara.

Halafu shingo yake ikaanza kuvimba. Ilikuwa goitre, ugonjwa ambao kwetu milimani si wa kushangaza, na ile yake ilikua mpaka ikaanza kumbana pumzi. Daktari alimweleza wazi kwamba lazima ikatwe, na kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo, unaweza kukasirika. Mama akamwambia akate kwa adabu kwa sababu yeye ana mtoto karibu kuwa padri.

Operesheni ilikwenda vizuri. Alipumua vizuri, alikula vizuri. Alipofungua kinywa kuniita, ikatoka sauti ya ufagio juu ya saruji.

Daktari alisema inaweza kurudi, inaweza kukaa hivyo. Siku ya upadrisho ilikuwa imeshatangazwa katika makanisa yote. Nilikasirika, na niseme ukweli, nilimkasirikia Mungu mwenyewe. Mwanamke amekuimbia maisha yake yote, hajakuomba gari, hajakuomba nyumba ya ghorofa, ameomba kuimba mara moja kwa mwanawe, na wewe unamshika pale pale kwenye koo. Sikumwambia paroko. Nilimwambia Mchina, kwa maana ya kwamba nilikaa kibandani nikamsikiliza mpaka simu ikazima.

Metre alikuja kutupa pole na sukari. Alikaa kidogo, akakohoa, akapendekeza kwamba, kwa kuwa mashangazi zetu hawana sauti, siku hiyo mke wake angeweza kuimba mahali pa mama. Mke wa metre ni mtu mzuri na anaimba kama anayeita mbuzi warudi. Mama alitikisa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Weye," akanong'ona. "Unajua kukopia. Unikopie."

Hakusema hivyo kwa kunipenda. Alikuwa anataka sauti yake ifike altareni, na kama alivyoiona yeye, kopi mbaya ya sauti yake ilikuwa bora kuliko sauti nzima ya mke wa metre.

Tukaanza mazoezi jikoni. Mama alikaa kwenye kiti na mwiko mkononi, na kila nikikosea alipiga meza. Nilipaswa kuvuta pumzi anapovuta yeye, kutetemesha neno analolitetemesha yeye, hata kukohoa kidogo kabla ya ubeti wa pili kama alivyozoea. Tatizo lilikuwa ule ubeti wa pili. Hapo wimbo unapanda mahali ambapo mama alikuwa anafika akicheka. Mimi nilifika pale nikiwa nimefumba macho na shingo imesimama mishipa.

"Hapana ile," mama alinong'ona. Mwiko, pa. "Juu."

"Mama, tuishushe kidogo. Metre anaweza kupiga chini."

"Ule wimbo unapanda kwa Mungu. Haushuke mu shimo."

Mjomba, aliyetaka kusaidia na hakujua namna, aliniletea kutoka safari yake kadi yenye nyimbo mbili. Mkalimani alikuwa amemtafutia: wimbo wetu ukiimbwa na yule wa kwanza, mwenye sauti kubwa, kisha ukiimbwa na mtu wetu wa simu. Nilizisikiliza kibandani, moja baada ya nyingine, wateja wakiwa wamesimama na simu zao wananitukana kwa macho. Yule wa kwanza alikuwa mama yangu kabisa. Angekuwa Mnande angevunja madirisha. Na huyu wa pili, sasa nilimsikia vizuri kwa mara ya kwanza, hakuwa anamshinda yule. Alijua hafiki kule juu. Hakujaribu kufika. Alisogeza wimbo mzima chini, mahali anapokaa yeye, akamwachia yule mwingine juu kwake.

Nikamwambia mama. Nilimwekea zote mbili, nikamwelezea kama mwalimu. Alisikiliza. Akasema, kwa ule ufagio wake, "Yule hakukuwa na mutoto padri." Tukarudi kwenye mwiko.

Mdogo wangu alipadrishwa Beni, kwa sababu huko ndiko alikokuwa amepangiwa kazi, na kesho yake, Jumapili, akasoma misa yake ya kwanza huko huko. Tulikuwa tumeshuka kutoka Butembo mapema asubuhi ya Jumamosi, familia, nusu ya korali na hata jirani kadhaa, na desturi yetu tukaibeba pamoja na sufuria. Ndugu wa Lubero walituma viazi, wenyewe hawakuja wote. Barabara ilikuwa na habari zake, na kwetu mtu akikwambia barabara ina habari humwulizi zaidi. Waliofika walilala Bungulu kwa binamu, wamepangwa sebuleni, na asubuhi kila mtu alikuwa anatafuta kiatu chake kimoja.

Mama alivaa kitenge kipya na kitambaa cha kufunika kovu shingoni. Njiani kwenda kanisani alinishika mkono.

"Hapana badilisha kitu," akanong'ona.

"Sitabadilisha."

Nilikuwa ninasema kweli. Nilikuwa nimeshaamua kupanda hata nikizimia.

Ilipofika saa ya sadaka, kanisa likageuka kuangalia mlango. Mama alikuwa pale na kikapu: viazi, maharage, kuku mmoja mweupe ametoa kichwa anaangalia watu. Nyuma yake mashangazi wamepanga mstari, na mwisho mbuzi ambaye hakuwa amekubali. Altareni mdogo wangu alisimama na ile nguo, jasho linamtoka, anafanana na mtoto aliyeitwa mbele darasani. Metre akapiga kinanda, juu, pale pale pa mama. Nikaimba ubeti wa kwanza.

Nisijisifu, mais ilikuwa mama mtupu. Pumzi yake, mtetemo wake, kila kitu. Niliona watu wa Butembo wanageuka kutafuta kama amepona. Mimi nilikuwa ninamwangalia yeye. Alikuwa anatembea na kikapu chake, kinywa kimefungwa, midomo imebanwa, anapita katikati ya wimbo wake kama mgeni kwenye arusi ya watu. Sauti yake ilikuwa inapita juu ya kichwa chake, nzuri kabisa, na haikuwa na mlango hata mmoja wa yeye kuingilia. Aliyoyangoja miaka yote hiyo yalikuwa yanafanyika, na yeye alikuwa amebeba viazi tu.

Iliniuma sana. Iliniuma mpaka nikasahau kuogopa.

Kabla ya ubeti wa pili kuna nafasi ndogo, pale mama alipozoea kukohoa. Sikukohoa. Nilimwangalia metre nikamwonyesha kwa mkono: chini. Akatoa macho. Nikaonyesha tena, chini zaidi, na kwa kuwa hakufanya hivyo nikaanza bila yeye, chini kabisa, polepole, karibu kama kuongea. Kinanda kikanyamaza. Korali ikatafuta pa kushika, wanaume wakapata, wanawake wakaacha. Kutoka benchi la mbele nilimsikia mke wa metre anasema, "Ameharibu."

Mama akasimama.

Alisimama katikati ya kanisa, na mstari wote nyuma yake ukagongana, shangazi kwa shangazi, mpaka kwa mbuzi. Nilijua amekasirika. Nilijua nitasikia habari hiyo mpaka siku ya mazishi yangu. Lakini sikupandisha. Nilirudia mstari uleule, chini vilevile, nikimwangalia usoni.

Akafungua kinywa.

Sitasema ilikuwa nzuri. Ilikuwa ule ufagio, imekwaruza, imekatika hapa na pale. Mais pale chini ilikuwa na mahali pa kukaa. Nilipunguza yangu mpaka ikawa chini ya yake, nikamshikilia tu kama mtu anavyoshikilia ngazi, na maneno yakaanza kusikika, ya Kinande, moja moja: ya maharage, ya watoto. Hata jirani zetu Waprotestanti, waliokuja kwa ajili ya chakula na hawakuficha, waliinamisha vichwa. Mama akaanza tena kutembea. Alitembea polepole sana kwa sababu wimbo sasa ulikuwa wa polepole, akiimba, anamwangalia mwanawe na hamwangalii mtu mwingine.

Mdogo wangu aliteremka ngazi. Liturujia haisemi ateremke. Alikuwa analia bila kujifuta, na akanyoosha mikono apokee kikapu.

Mama hakukiachia. Mistari miwili ilikuwa imebaki. Padri mpya akasimama mbele ya kanisa zima, mikono mitupu imenyooshwa, kuku anamwangalia, akangoja mama yake amalize.